Suruali ya Korbinian na Benchi Lililogoma Kuinuka

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa Septemba, Mzee Korbinian Zirngibl, mwonjaji mkuu wa Kiwanda cha Bia cha Haselmoos, anaweka glasi chini baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Tunasema "anaweka chini" kwa heshima tu. Kila amjuaye anajua ataiweka hapa kiwandani na kuiokota nyumbani kwake kabla ya chakula cha mchana.

Uongozi ulitaka wasifu huu uandikwe na mtu wa ofisini mwenye vyeti. Watu wa ghala la chini tukakataa. Mtu wa ofisini angeandika "alikuwa mchapakazi" mara nne, kisha akaenda kula. Sisi tuliotetemeka naye kwenye baridi la mapipa ndio tunaomjua, tena tunayajua na yale ambayo yeye angependa tusiyajue. Kalamu nimeshika mimi, Vitus, kwa sababu hata nikikosea herufi, habari siikosei.

Mzee Korbi alianza kazi kwa kuosha mapipa. Siku moja mpishi mkuu wa bia wa enzi zile alimkuta ameingiza kichwa chote ndani ya pipa, akadhani amekwama, akaita watu waje na msumeno. Hakuwa amekwama, alikuwa ananusa. Alipotoa kichwa alitangaza kwamba pipa lile lina harufu ya mbwa aliyeloa. Wakalisugua kwa maji ya moto, akanusa tena: mbwa bado yumo. Wakalisugua mara ya pili hadi mikono ikawauma. Mbwa yumo. Mwishowe mbwa wa mpishi mkuu, ambaye muda wote alikuwa amelala nyuma ya pipa baada ya kuogelea mtoni, alichoshwa na kelele akaondoka, na harufu ikaondoka naye. Mtu mwingine angefukuzwa kazi. Mpishi mkuu akasema pua inayomwona mbwa kupitia ubao wa mwaloni ni dhambi kuiacha ioshe mapipa, na jioni hiyo hiyo Korbinian akapandishwa cheo. Kwa hiyo mkisikia ofisini wanasema mtu hupanda cheo kwa juhudi, mkumbuke yule mbwa.

Tangu siku hiyo maisha yake yalikuwa bia ya Machi. Tunaipika mwezi wa Machi, tunaishusha ghala la chini ilale kwenye baridi kiangazi chote, na tunaiamsha Septemba, miti ya uani inapoanza kumwaga majani. Rangi yake ni ya asali iliyopashwa moto kidogo. Ukiinusa unapata ganda la mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Mdomoni unatangulia utamu wa kimea, halafu uchungu wa hopsi, yale maua tunayoyachemsha na bia, unakuja nyuma yake polepole, kama mama anayemwita mtoto aingie ndani giza limeingia. Mwisho koo linabaki kavu, linaomba tena. Bia nyingine za vuli zinatengenezwa huku na huku, nyingine zimepauka kama mgonjwa. Hatuzisemi vibaya. Tunazihurumia.

Ni yeye aliyetufundisha kuionja. Kwanza unaitazama kwenye mwanga wa dirisha, na povu unaliacha likae, kwa sababu povu lenye adabu halikimbii wageni. Halafu unanusa, mdomo umefungwa, hata kama una hadithi nzuri. Ndipo unapiga funda dogo, unalizungusha mpaka kwenye magego, kisha unameza. Kutema alikataza kabisa. Alisema wanaotema ni watu wa divai, na kwamba uchungu wa bia unakaa kooni, kwa hiyo anayetema ni sawa na aliyesoma kitabu akachana ukurasa wa mwisho. Sisi wa ghala la chini tulilishika somo hili kuliko masomo yote. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutema.

Wiki nzima kabla ya kufungua pipa la kwanza, Mzee Korbi hakugusa kitunguu, haradali wala figili. Alikataa pia kubusiwa na mkewe, Mama Zenzi, maana Mama Zenzi hawezi kuacha figili kwa ajili ya binadamu yeyote. Mama Zenzi mwenyewe anasema wiki hiyo ndiyo ilikuwa likizo yake.

Sasa, waonjaji wengine wana maneno yao ya shuleni. Mzee Korbi alitaja watu tu. Angepiga funda, akafumba macho, akasema: hii ni Paroko, inaanza tamu halafu inakuwa kavu na haimaliziki. Au: hii ni shemeji yangu wa mjini, inaingia kwa kelele na inaondoka bila kuaga. Bi Walburga Estendorfer, mpishi mkuu wetu wa sasa, alikuwa akiandika majina hayo na kujua mara moja kama aongeze kimea au apunguze hopsi. Shemeji wa mjini alikuja kulalamika mara mbili. Mara zote mbili aliingia kwa kelele, na mara zote mbili hakuaga.

Jina moja tu hakuwahi kulitoa. Alikuwa na bibi yake aliyemlea, aliyefariki zamani, na alizoea kutuambia kwamba bia ya kweli ya vuli ingekuwa kama yule bibi: haina haraka, ina joto la jikoni, haikusifu bure, na ukishaagana nayo unatafuta sababu ya kurudi. Kila Septemba tulikaa tukisubiri aseme "bibi". Kila Septemba alisema "shangazi", au "mjomba, lakini siku nzuri". Mwaka mmoja alisema "jirani wa bibi", na Bi Walburga alilia kwa furaha.

Hayo yote ni ya ulimi. Lakini mji wetu hauuamini ulimi peke yake, kwa sababu ulimi hulipwa mshahara na kiwanda. Mji unaamini suruali.

Kila mtu hapa ameikuta kanuni hii na kila mtu ataiacha. Jumamosi ya pili ya Septemba, pipa la kwanza linafunguliwa uani mbele ya watu wote. Mwonjaji akishaonja, anamwaga nusu jagi juu ya benchi la msonobari, anakaa juu ya kile kidimbwi akiwa amevaa suruali yake ya ngozi, na bendi inapiga machi, yaani wimbo wa gwaride, moja ya polepole mwanzo hadi mwisho. Machi ikiisha, anasimama. Benchi likiinuka naye, limenata kwenye suruali, bia ina mwili, na kiwanda chetu kinapewa hema la sherehe ya vuli kule uwanda wa mto. Benchi likibaki chini, hema linakwenda kwa kiwanda cha Oberkirnbach, wale majirani zetu wa ng'ambo ya mto, Mungu awape wanachostahili. Pipa hufunguliwa mara moja. Kurudia hakuna.

Mwaka huu kulikuwa na la ziada. Sherehe ya kumuaga Mzee Korbi ilishapangwa kufanyika ndani ya hema hilo hilo. Maana yake ni kwamba tukilikosa hema, mwonjaji mkuu wa Haselmoos angeagwa mbele ya mji mzima kwa bia ya Oberkirnbach. Alituambia waziwazi kwamba ikiwa hivyo atakunywa maji, na daktari wake anaweza kuthibitisha kwamba hana mazoea nayo.

Hapo ndipo anaingia Mama Zenzi na upendo wake.

Wenye suruali za ngozi mnajua sheria. Suruali ya ngozi haifuliwi. Inafutwa, inaanikwa, inasamehewa, lakini haifuliwi. Ya Mzee Korbi ilikuwa imefikia hatua ya kusimama yenyewe pembeni ya kabati, mtu akiingia chumbani gizani anaisalimia. Mafuta ya soseji, jasho, na vidimbwi vya Septemba zote vilikuwa mle, vimeshikana kama ukoo. Ilinata hata kwa maji ya mvua. Mama Zenzi akafikiri: mume wangu anastaafu, atapigwa picha, picha itatundikwa ukumbini, na watoto wa watu wataiona suruali ile wakati sisi tumeshakufa. Akaichukua kwa siri, akaipeleka kwa fundi wa ngozi mjini. Fundi akaifua kwa sabuni, akaisugua kwa brashi, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaipaka nta ya nyuki tabaka kwa tabaka mpaka tone la maji likidondoka juu yake linateleza likikimbia kama limeona polisi.

Asubuhi ya Jumamosi Mzee Korbi aliivaa. Aliona inang'aa. Angeweza kuuliza. Lakini kila aliyekutana naye njiani alimwambia anameremeta kama bwana harusi, na wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akaacha kuuliza, akaanza kutembea kifua mbele.

Uani palijaa. Meya alikuwepo na kofia yake yenye nyoya. Bendi ilikuwepo, pamoja na mpiga tuba wetu, yule wa tarumbeta nene kuliko zote, ambaye hasikii vizuri na kwa hiyo hupiga kwa imani. Na kwa mujibu wa desturi alikuwepo shahidi kutoka Oberkirnbach: Ignaz Reisacher, mwonjaji wao, mtu mwenye tumbo la kutangulia na kicheko cha mbuzi. Lori lake la mapipa alikuwa ameliegesha karibu na kanisa, eti kwa bahati tu.

Bi Walburga akagonga bomba, bia ikatoka. Mzee Korbi akaitazama. Akanusa. Akapiga funda, akafumba macho, na hakuyafumbua kwa muda mrefu hata Paroko akaanza kuwa na wasiwasi wa kikazi. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Bibi."

Nyinyi wa ofisini mlikuwa nyuma, pengine hamkusikia kilichotokea mbele. Hakuna aliyeshangilia. Watu wa ghala la chini tulitazamana tu. Bi Walburga alikaa juu ya kreti bila kuangalia kama kuna kreti. Mzee Korbi akafuta macho, akasema ni baridi, na jua lilikuwa linawaka.

Kisha akamwaga nusu jagi katikati ya benchi, akakaa, bendi ikapiga. Alikaa vizuri, tuseme ukweli. Alikaa kama mfalme. Machi ikaisha, akasimama.

Benchi likabaki chini.

Aliinuka peke yake, mkavu, anang'aa, na bia yote ikabaki juu ya ubao, kisha ikaanza kutiririka kuelekea ncha ya benchi, kwa sababu ua wetu, kama mnavyojua, umeinama upande wa zizi. Hakuna aliyekumbuka kwamba jambo hili liliwahi kutokea. Mzee mmoja alivua kofia kama yuko mazishini.

Wa kwanza kusogea alikuwa Reisacher. "Pole, jirani," akasema. "Siku ya kukuaga nitakuwekea kiti karibu na mlango, upate hewa."

Bi Walburga alimsogelea Mzee Korbi na kumnong'oneza kwamba Meya bado anatafuta miwani yake, kwa hiyo akae tena haraka, ashike benchi kwa mikono nyuma, ainuke nalo, mambo yaishe. Sisi tuliokuwa karibu tulikubaliana naye kwa moyo wote. Mzee Korbi akatikisa kichwa.

"Walburga, mwanangu," akasema, "nimemdanganya mke wangu, Paroko, na daktari. Bia sijawahi kuidanganya. Nisianze leo, mbele ya bibi."

Akachukua nyundo ya kufungulia mapipa, ambayo ndiyo ishara ya hema, akaanza kuelekea kwa Meya ili ikabidhiwe Oberkirnbach. Na hapo Mama Zenzi akashindwa kuvumilia.

"Ni mimi," akasema. "Nimeifua."

Mzee Korbi akageuka taratibu. "Umefua nini, Zenzi?"

"Suruali. Na imepakwa nta. Nilitaka upendeze kwenye picha, baba."

Wanaume wa Haselmoos wameshasikia habari za mafuriko na za bei ya shayiri, lakini sijawahi kuwaona wakiguna namna ile. Mzee Korbi alijipapasa nyuma kama mtu anayetafuta jino lililong'oka. Tulidhani atafoka. Akamwambia mkewe tu kwamba angalau sasa wanajua kwa nini alikuwa anateleza kitini tangu asubuhi, na akamshika mkono. Meya, miwani imeshapatikana, akasema anasikitika, lakini kanuni haijui sabuni. Inataka benchi liinuke na suruali ya mwonjaji, na benchi halikuinuka.

Reisacher alikuwa anacheka mpaka tumbo linamtangulia mara mbili. Alisema kwao mambo hayo hayatokei. Alijipiga makalio mbele ya mama zetu, akatangaza kwamba suruali yake aliirithi kwa baba yake, na kwamba haijaona maji tangu marehemu alipotumbukia mtoni. Kisha akasema, kwa kuwa yeye ni shahidi na ana haki ya jagi moja, apewe hilo jagi ili aionje bia iliyoshindwa. Akapewa. Akatafuta pa kukaa, akakaa pale palipokuwa wazi, kwenye ncha ya benchi.

Tuliona tulichokiona. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema neno. Ukarimu ni ukarimu: mgeni amechagua kiti mwenyewe.

Funda la kwanza alipiga akicheka. La pili alipiga bila kucheka. La tatu alifumba macho, na mkono aliokuwa akijipigia paja ukatulia. Mpiga tuba, ambaye hakuwa amesikia lolote tangu asubuhi, alidhani sherehe inaendelea akaanzisha machi upya, na bendi nzima ikamfuata kwa aibu. Reisacher akanywa taratibu, funda kwa funda, mpaka machi ikaisha na chini ya jagi pakaonekana.

Meya akamuuliza, kama desturi inavyotaka, shahidi anasemaje. Reisacher akakumbuka kazi iliyomleta. Akakunja uso, akasema bia haina mwili, ni maji yaliyopita karibu na shayiri. Na ili maneno yake yawe na uzito, akasimama.

Benchi likasimama naye.

Akageuka kuangalia ni nani aliyemshika. Benchi likageuka pia, likafagia meza ya figili, likamvua Meya kofia pamoja na nyoya lake, na kumpeleka mpiga tuba ndani ya tuba yake. Akageuka upande wa pili kuomba radhi, likafagia zilizobaki. Kila alipokwenda alikuwa na msafara. Mwishowe wanaume wanne walimkalisha kwa nguvu, na yeye mwenyewe akawa ameelewa.

Meya akaokota kofia, akaipuliza vumbi, akafikiri kwa sauti mbele yetu. Pipa ni lile lile. Machi ni ile ile. Benchi liliinuka. Suruali ni ya mwonjaji, tena ya mwonjaji aliyetoka kujisifu mbele ya mashahidi kwamba ni chafu inavyotakiwa. Kanuni haijasema mwonjaji awe wa ng'ambo ipi ya mto. Nyundo ikarudi mkononi kwa Mzee Korbi.

Tulitegemea matusi kutoka kwa Reisacher, na tulikuwa tumeandaa yetu mazuri zaidi, mimi peke yangu nilikuwa nayo manne. Lakini yeye alilitazama jagi tupu, halafu akamtazama Mzee Korbi.

"Zirngibl," akasema, "huyu bibi yako, hana nafasi ya mjukuu mwingine?"

Mzee Korbi akamjazia jagi yeye mwenyewe, akakaa naye kwenye benchi lile lile, na kwa sababu ya nta akateleza mara mbili kabla hajatulia. Wakanywa wote wawili. Reisacher alibanduliwa jioni kwa kisu cha siagi, na kipande cha ukubwa wa kiganja kutoka suruali ya marehemu baba yake kimebaki kwenye ubao hadi leo.

Ndugu wafanyakazi, mtakapokuwa mnasoma haya mtakuwa ndani ya hema, na kilichomo kwenye majagi yenu ni bia ya Haselmoos. Zawadi ambayo uongozi ulitaka kumpa Mzee Korbi ilikuwa saa ya ukutani. Sisi wa ghala la chini tumeuliza, mtu aliyestaafu saa ya nini? Anapewa benchi, pamoja na kile kipande, na seremala ameapa kutokigusa. Suruali mpya hakutaka. Anasema ile ya zamani inahitaji kuzoeshwa tena tangu mwanzo, na ameanza kula soseji akiwa ameivaa, kwa makusudi, bila kitambaa. Mama Zenzi ameweka nadhiri mbele ya Paroko.

Mzee Korbi, asante kwa pua yako, kwa ulimi wako, na kwa kutufundisha tusiteme. Asante kwa kutuita kila mmoja wetu kwa jina la bia wakati fulani, hata sisi uliotuita za kupauka. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele ya kiwanda, povu lisilokimbia, na afya ya kutosha kumchosha daktari. Septemba ijayo tutakuhifadhia funda la kwanza. Benchi ni lako, mlango wa ghala la chini unaujua. Njoo ukae, ukae mpaka ugande.